Ukuta Nilioufunika kwa Saruji

Sikuondoka Toronto kwenda kutalii. Niliondoka kwa sababu ukuta nilioupiga lipu kwa mikono yangu ulikuwa unakufa, na watu zaidi ya mia walikuwa karibu kufukuzwa kanisani kwa ajili yake. Nawaandikia hasa ndugu zangu wa Pangani na Muheza, ambao kila nikipiga simu huniuliza kama ni kweli nilipanda ndege kwenda Ulaya kufundishwa kupaka chokaa. Ni kweli, wala sioni haya tena.

Nianze na kanisa lenyewe. Usharika wetu ni wa Waswahili wa kila namna: Wakongo na Warundi ndio wengi, sisi Watanzania na Wakenya tumo wachache, na karibu wote tulikuwa tukikaa kwenye maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch. Kwa miaka mingi tulisali katika ukumbi wa shule, tukifunga na kufungua ngoma kila Jumapili. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2010 wazee fulani wa Kizungu, wenye kanisa la matofali mekundu lenye umri wa zaidi ya miaka mia, wakatukaribisha kwao. Wao walisali asubuhi, hawazidi ishirini. Sisi tuliingia mchana na kutoka jioni.

Tulitaka kuwashukuru. Mchungaji wetu, Pasta Baraka, mtu wa Bukavu, alinijia siku moja akiwa na furaha yake. "Fundi, ukuta wa kule kaskazini unamwaga mchanga. Tuwafanyie bazee kitu kizuri."

Mimi ni mwashi tangu ujana. Nikaubandua ule ukuta, nikautoa udongo na chokaa yote ya zamani, nikapiga lipu ya saruji safi, juu yake rangi ya mafuta. Nje nikaziba viungo vya matofali kwa saruji hiyohiyo. Mnaonijua mtaelewa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa, na mimi nilikua nikichekwa kwa nguo zangu zilizojaa vumbi jeupe. Kwetu, mtu akijaliwa anapiga saruji, chokaa anawaachia waliokwama. Kwa hiyo niliwapa wazee wale kitu bora kuliko vyote nilivyovijua, na siku ya kuzindua walinipigia makofi mpaka nikajiona nimefika.

Baada ya baridi mbili, mambo yakaharibika. Ndani, rangi ilivimba malengelenge. Nje, nyuso za matofali zilianza kubanduka na kuanguka kwenye theluji. Mkaguzi akaja, akapima, akasema kuna unyevu mwingi ndani ya ukuta. Kamati ya wazee ikajiuliza unyevu umetoka wapi, na jibu walilopata ni sisi.

"Bazungu banasema ni chai yetu ya kisha ibada, mvuke ya birika," Pasta Baraka aliniambia, barua ikiwa mkononi. "Banasema tuko bengi, tunaimba masaa tatu, tunapumua sana. Mwezi wa sita batakaa kikao, baamue kama tutoke."

Wiki moja kabla yake nilikuwa nimeugonga ule ukuta kwa vifundo vya vidole nikasikia uwazi ndani. Sikujua ugonjwa wake hasa, ila nilijua kwamba chai haifanyi vile. Nikanyamaza.

Katibu wa kamati ile alikuwa mama mjane wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Wales, tuliyemwita Bibi Gwen. Alikuja siku ya Jumamosi, akapitisha kiganja juu ya ukuta wangu polepole, akanitazama, akautazama tena. Nilisubiri maneno makali. Badala yake akaniuliza, "Unajua kuendesha gari upande wa kushoto?"

Nikamwambia nilijifunzia udereva Tanga, huko kushoto ndiko kwenyewe.

"Vizuri. Mimi nyonga imechoka, na kaka yangu hanitaki barabarani. Mwezi wa tano nakwenda kwetu siku kumi. Nipeleke. Tiketi yako juu yangu. Kuna ukuta nataka uuone."

Jumanne jioni, uwanja wa ndege wa Toronto. Mke wangu alinishonea kifungo cha koti pale pale kwenye foleni, huku akininong'oneza, "Baba Upendo, huyu mama anakupeleka kukusema au kukufundisha?" Nikamwambia sijui. Binti yetu Upendo, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa lugha ya shule, alisema tu, "Okay, Dad, be nice." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri kwa pasipoti ya Kanada. Niliishika mkononi muda wote hadi Bibi Gwen akaniambia niiweke mfukoni, haitaruka yenyewe.

Jumatano asubuhi, Manchester. Mvua nyepesi, ya kuudhi. Tulichukua gari dogo la kukodi, nikakaa upande wa kulia, na mikono yangu ikakumbuka kila kitu isipokuwa kiashiria. Kwa nusu saa kila nilipotaka kupinda niliwasha vifuta-mvua vya kioo. Bibi Gwen alicheka hadi akatoa leso.

Saa sita mchana tulikuwa tumeshaingia Wales. Vibao vya barabara vikawa na lugha mbili, yao juu, Kiingereza chini, na yeye akawa anasoma vya juu kwa sauti, polepole, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Niliona wivu kidogo. Mimi Toronto sijawahi kuona lugha yangu juu ya kibao. Baadaye barabara ikawa nyembamba, ua wa miti pande zote mbili, na kondoo kila mahali. Tulipokutana na trekta ilinibidi nirudi nyuma karibu nusu kilomita. Dereva wa trekta alininyooshea kidole kimoja, nikadhani ni tusi. Kumbe ndiyo salamu yao.

Saa kumi, nyumbani kwa Emrys. Huyu ni kaka yake Bibi Gwen, mkulima mstaafu, mrefu, na ndiye mzee wa kanisa la kijiji. Ndugu hao wawili hawakukumbatiana. Emrys alimchukulia mkoba, akasema chai iko tayari, basi. Mimi alinipa mkono, akaugeuza akatazama kiganja.

"Mwashi kweli," akasema. "Hapa tulikuwa tunatilia shaka."

Alhamisi asubuhi tulikwenda kanisani kwa miguu. Niseme ukweli, nilitazamia jengo kubwa. Nilichokikuta ni kanisa fupi, jeupe, limejikunja kilimani, halina hata mnara, ila kijumba kidogo cha kengele mbili juu ya paa. Uwanja wa makaburi umezungukwa na ukuta wa duara, na ndani yake mna miti mikubwa yenye giza isiyopukutisha majani, wao huiita yew. Emrys alisema duara hilo ni la zamani kuliko kanisa lenyewe. Mtawa fulani alilichora chini na kujijengea kibanda cha miti, na waliokuja baadaye hawakuthubutu kulinyoosha.

"Aliyelijenga kanisa ni nani?" nikauliza.

"Hakuna. Yaani hakuna mmoja," akasema. "Kila waliokuja walijenga kipande, wakafa."

Akanionyesha vipande hivyo kimoja kimoja, na mimi nilimfuata nikigusa. Kuta za katikati ndizo za kwanza, zina takriban miaka mia nane, unene wake mkono wangu wote na bado. Ni mawe ya kuokotwa shambani, hayakuchongwa, yamelazwa katika chokaa na mchanga wa mto. Chini zimepanuka kidogo, juu zimepungua, kwa hiyo zinaonekana kama zimekaa kitako. Madirisha ya kwanza ni membamba kiasi kwamba kichwa hakipiti. Upande wa madhabahu uliongezwa baadaye, na waliouongeza walitaka mwanga, wakaweka dirisha pana lenye matawi ya mawe. Pimamaji yangu ilikuwa Toronto, lakini jicho lilinitosha kuona kwamba jengo zima halina pembe hata moja iliyonyooka. Na limesimama.

Ndani kulikuwa na harufu ya nta na mawe mabichi. Paa ni la mwaloni, mbao zilizopinda zimefuatana toka ukutani hadi ukutani, na boriti zake bado zina alama za shoka. Kati ya watu na madhabahu kuna kiambaza cha mbao kilichochongwa mizabibu, na mzabibu wenyewe unatoka kinywani mwa joka dogo pembeni. Juu ya kiambaza ni roshani ya waimbaji, na ngazi yake imepita ndani ya unene wa ukuta, vipandio vimelika katikati kwa miguu ya watu. Emrys alisema wakati wa mageuzi ya dini ilitolewa amri kwamba roshani za namna hiyo zivunjwe nchi nzima.

"Mbona hii ipo?"

"Barabara yetu umeiona," akasema.

Nilicheka mwenyewe ndani ya kanisa, kisha nikaona ukuta wa kaskazini. Mkabala na mlango, kimo cha kifua changu, palikuwa na mchoro wa rangi nyekundu ya udongo: mguu mmoja wa mtu mzima umesimama ndani ya maji, na samaki watatu wanauzunguka. Juu ya kifundo cha mguu hapana kitu, chokaa nyeupe tu hadi darini. Nikauliza mwenye mguu ni nani. Emrys alisema ni Mtakatifu Kristofa, amembeba Mtoto Yesu begani akivuka mto. Zamani walimchora mbele ya mlango ili msafiri afungue, amwone, aende zake salama.

"Na sehemu nyingine iko wapi?"

Ndugu wale walitazamana. "Kesho tunapaka," Emrys akasema. "Njoo uchague brashi."

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa siku za chokaa. Kila mwaka mwezi wa tano, baridi ikiisha na kabla jua halijakaza, kijiji hukusanyika kupaka kanisa. Walikuja watu kumi na mmoja, wengi wao wazee kuliko mimi, pamoja na mwalimu wa shule na mwendesha trekta wangu. Chokaa ilikuwa imezimwa kwa maji tangu mwaka uliotangulia na kulazwa ndani ya mapipa, laini kama siagi. Tuliizimua kwa maji hadi ikawa nyepesi kama maziwa, na nilipouliza kama hatujaiharibu, mwalimu akaniambia nizinyunyizie kuta maji kwanza ndipo nipake, na nisiseme sana.

Nikapaka. Ukuta uliolowa ulinyonya, na rangi haikuonekana. Nilidhani nimekosea nikataka kurudia, Bibi Gwen akiwa kwenye kiti chake cha kukunja akaniambia, "Ngoja." Baada ya saa moja ule upande ulianza kuwa mweupe wenyewe, kutoka juu kushuka chini. Nilisimama nikiutazama. Harufu ile ilikuwa ya uani kwa babu. Nilikuwa nimeikimbia miaka arobaini, nikaja kuikuta mlimani huku, na watu wa huku wanaiheshimu.

"Inadumu muda gani?" nikamuuliza Emrys.

"Mwaka. Ukibahatika, miwili."

"Mbona msipige kitu cha kudumu?"

Alikata jiwe dogo la chokaa ya zamani, akaniwekea mkononi na kulidondoshea maji. Maji yakazama. "Ukuta huu hauna msingi wa maana, unanywa toka ardhini kila siku," akasema. "Lazima pia utoe. Chokaa inauruhusu kutoa. Mvua na baridi vinaila chokaa, jiwe linabaki. Tunaupa nguo ya kuchakaa ili mwili usichakae. Ukiufungia ndani ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanakaa. Baridi ikija yanaganda, yanavunja jiwe kutoka ndani."

Nililielewa kila neno. Niliona matofali mekundu yakianguka kwenye theluji ya Toronto. Chai ya mama zetu haikuwa na kosa, wala nyimbo zetu. Ilikuwa ni saruji yangu, ile ya makofi. Nikaweka brashi chini nikaenda kusimama nyuma ya kanisa, maana uso ulikuwa umenishuka na sikutaka watu wale wema wauone.

Bibi Gwen alinifuata kwa fimbo yake. Alipumzika kwanza kwenye jiwe la kaburi, akaomba radhi kwa mwenye kaburi.

"Ulijua," nikamwambia. "Toka siku ile uliyoupapasa."

"Nilijua."

"Mbona hukuiambia kamati?"

Alisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na miwili, ukuta wa kaskazini wa kanisa hili ulikuwa ukimwaga mchanga. Baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikwenda mjini kwa mkokoteni, akanunua saruji, kitu kipya na cha thamani siku zile, akaupiga ukuta wote kwa mapenzi yake. Yeye Gwen ndiye aliyemshikia ndoo. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshahamia Toronto, ukuta ulivimba. Mafundi walipoitoa ile saruji, ilibanduka pamoja na chokaa ya chini yake, na katika chokaa ile ndimo alimokuwa Kristofa. Hakuna aliyejua yumo. Walimwona vipande vipande sakafuni. Uliosalia ni mguu na samaki.

"Baba hakusema neno," akaendelea. "Na watu hawakusema neno. Hakuingia tena ndani. Miaka kumi na moja kila Jumapili alikaa pale kibarazani hadi ibada iishe, akazikwa huku. Hakuna aliyemfukuza. Lakini hakuna aliyemwita pia, hata mimi, kila nilipokuja likizo. Nilipita mbele yake na kitabu changu cha nyimbo."

Alijifuta pua. "Sikuiambia kamati kwa sababu nilitaka useme wewe. Na nilitaka uje uone kwamba ukuta hupona."

Nililia, sina haja ya kuficha. Nilimshukuru kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimenikimbia, naye akanipiga mgongoni kwa fimbo akaniambia chokaa inakauka kwenye ndoo.

Jumapili tulikuwa watu tisa kanisani. Waliimba kwa lugha yao, kwa sauti nne bila kinanda, na kwa dakika chache nilijiona niko kwa wakwe, mgeni asiye mgeni. Kabla ya kumaliza Emrys aliniomba niseme Baba Yetu kwa lugha yangu. Nilisema nikiwa nimesimama mkabala na ule mguu. Nilipofika "utusamehe makosa yetu" nilikwama, wakaningoja. Nikamaliza.

Asubuhi ya kuondoka Emrys alinipa ndoo ndogo ya chokaa yao, imefungwa vizuri. Uwanjani Manchester waliikataa. Niliacha wasiwasi wangu hapo hapo pamoja na ndoo, maana nilikwisha kumbuka jinsi ya kuitengeneza.

Toronto, wiki ya pili ya mwezi wa sita. Kikao kilifanyika ukumbini, mbele ya ukuta wenyewe. Kamati ilikuwa ya watu saba, mwenyekiti wao mhasibu mstaafu mwenye sura ya baridi. Kwetu tulikwenda mimi na Pasta Baraka, na waumini wengine walisubiri nje kwenye ngazi. Kabla ya kuingia nilimwambia pasta nitakachosema. Alinishika mkono.

"Fundi, usijifunge mwenyewe. Ukisema ni sisi, batatutoa leo."

"Pasta, wanatutoa kwa chai. Wakitutoa kwa saruji, angalau wametutoa kwa kweli."

Alinitazama, akaachia mkono. "Basi enda. Mimi naomba."

Nikasimama. Nilisema kwamba ukuta ule niliuua mimi. Nilieleza jinsi matofali yale ya zamani yanavyokunywa na kutoa, jinsi nilivyoyafunga pande zote mbili, na kwamba tangu nilipousikia uwazi ndani nilikuwa na shaka nikanyamaza, huku akina mama wa usharika wetu wakilaumiwa kwa birika zao. Nilisema niliwafanyia vile kwa shukrani na kwa kiburi, na sikujua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Nikaomba radhi. Bibi Gwen alikuwa akiandika muhtasari, na kalamu yake haikusimama.

Mwenyekiti aliugeukia ukuta.

"Inaweza kutolewa?" akauliza.

"Inaweza. Kwa tindo na nyundo, polepole, kiangazi chote. Tuko wengi, tutafanya wenyewe. Halafu ukuta ukauke, tupige chokaa."

"Na hiyo chokaa itadumu?"

Hapo ningeweza kumfurahisha. "Hapana," nikasema. "Itachakaa. Ndiyo kazi yake. Itabidi kupaka tena kila mwaka."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, bila kukosa."

"Na kati yetu," akawatazama wenzake, ambao kijana wao alikuwa na miaka sitini na nane, "nani anaweza kupanda ngazi kila mwaka?"

Akafunga faili lake.

"Basi itabidi mkae," akasema.

Pasta Baraka alitoka mbio kuwaambia watu wa ngazini, na mimi nikabaki na Bibi Gwen ambaye kalamu yake sasa ilikuwa imesimama. Jumamosi iliyofuata nilipiga pigo la kwanza mimi mwenyewe, na kipande cha saruji yangu kikaanguka chini kizima, nyuma yake maji yakitiririka.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani shukrani ni kitu cha kupiga mara moja, kigumu, kinachong'aa, watu wakapiga makofi ukaenda zako. Wale watu wa mlimani wamelishukuru kanisa lao kwa miaka mia nane kwa kitu kinachoisha kila mwaka, na kwa sababu kinaisha wanarudi. Nasi sasa kila mwezi wa tano tunapaka ukuta wa kaskazini, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya na wale wazee waliobaki wakishika ndoo, na mwenyekiti mwenyewe ndiye anayechemsha chai.